Mlinzi wa Boma na Haki Yake

Katika ukurasa huu tumekwisha sema mengi juu ya ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai na mbuzi wa nyama, na tunafurahi kwamba mkulima mwenye bidii ajua kuandika katika daftari lake siku ya kuogesha ng'ombe, siku ya kumpandisha mtamba, na idadi ya mayai aliyouza sokoni. Lakini yuko mnyama mmoja akaaye katika boma hilo hilo, anyeshewaye na mvua usiku, akeshaye wakati bwana wake amelala, ambaye habari zake hazimo katika daftari lolote. Mnyama huyo ni mbwa. Mwenyewe humpa jina kubwa, Simba au Chui au Bosco, kisha humwachia ajitafutie chakula kama fisi.

Juma hili twataka kusema habari zake, wala si kwa ajili ya huruma tu, ingawa huruma nayo yafaa. Mbwa asiyetunzwa huleta hasara katika nyumba ya mwenyewe na katika nyumba za jirani, na mara nyingi anayelipa deni hilo ni mtoto.

Wako watu wasemao kwamba mbwa wazururao njiani ni mbwa koko wasio na wenyewe, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Neno hili si kweli katika sehemu nyingi za mashambani. Wataalamu waliochunguza habari za mbwa katika Wilaya ya Machakos, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001, walikuta kwamba kila mbwa alikuwa na boma lake. Hata hivyo mbwa 69 katika kila 100 hawakufungwa wala kuzuiwa wakati wowote, mchana au usiku, bali walikwenda watakako na kuchanganyika na wenzao. Na katika wale waliopita umri wa miezi 3, waliokwisha kupata chanjo ya kichaa walikuwa 29 tu katika kila 100. Basi yule mbwa aitwaye wa njiani ni mbwa wako na wangu, ametoka kwetu asubuhi na atarudi jioni.

Wataalamu hao walikuta na jambo jingine ambalo twaomba msomaji alifikirie sana. Nusu ya mbwa wote walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Dume aliyezaliwa huko aliweza kutazamiwa kuishi miaka 3 na nusu, na jike hakufika hata miaka 2 na nusu, hali mbwa aliyetunzwa vema huishi miaka 10 na zaidi. Maana yake ni kwamba mbwa wetu hufa upesi, na watoto wao huzaliwa upesi vile vile kushika nafasi zao.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme katika lokesheni moja mna mbwa 100, na bwana mifugo akaja mwezi wa Januari akawachanja 70. Kazi hiyo ni njema, kwa kuwa wataalamu wa ulimwengu wamekubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa wa kichaa hukosa njia ya kupita. Lakini ifikapo Januari ya pili, wengi katika wale 70 wamekwisha kufa kwa njaa, kwa minyoo, kwa kugongwa na magari, na mahali pao wamesimama mbwa wachanga ambao hawajaonja sindano. Yule mzee asemaye, "Mbwa wetu walichanjwa mwaka jana," asema kweli juu ya mbwa ambao nusu yao hawapo tena. Ndiyo sababu chanjo hii hurudiwa kila mwaka, na ndiyo sababu kumlisha mbwa na kumtunza hata aishi miaka mingi ni sehemu ya vita vya kupigana na kichaa. Mbwa mmoja aliyeishi miaka 8 na kuchanjwa kila mwaka ni ngao ya kijiji kuliko mbwa wanne waliopita mmoja baada ya mwingine bila kuchanjwa.

Watu wengine huwaacha nyumbani watoto wa mbwa siku ya chanjo, kwa kuwa waliambiwa zamani kwamba sharti wangojee miezi 3. Katika siku za chanjo ya watu wote wapelekeni pia hao wadogo. Shirika la Afya Duniani lashauri hivyo, na chanjo haiwadhuru. Mtoto wa mbwa ndiye achezaye na watoto wa watu, huwauma vidole kwa mchezo, na akiwa na kichaa hakuna amdhaniaye.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja kando ya Nairobi, na mtu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao alionekana mwaka 1928. Dawa ya kuuzuia nayo si mpya. Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 1885 Louis Pasteur alipomchanja huko Ufaransa mtoto Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, na kama 2,000 katika hao ni wa Kenya. Karibu wote waliupata kwa mbwa.

Kichaa huletwa na kijidudu kidogo sana, yaani virusi, ambacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa akiuma, kijidudu huingia katika jeraha na kusafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kufika kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi 1 hadi miezi 3, na pengine huwa fupi zaidi au ndefu zaidi. Jeraha la usoni au kichwani liko karibu na ubongo, na kwa sababu ya kimo chao watoto huumwa huko mara nyingi. Ugonjwa ukisha kuonekana katika mtu, akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna daktari mwenye dawa ya kumponya. Lakini wakati wa safari ile, kabla ya dalili, tiba ipo na yafaa kabisa.

Yafaa kila mwenye mbwa azijue dalili. Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni yule tu akimbiaye huku na huku akiuma kila akionacho. Yuko wa namna hiyo. Lakini yuko na mwingine ambaye hunyamaza, hujificha gizani, taya lake la chini hulegea, mate humtoka, naye hawezi kumeza. Bwana wake akimwona hivyo husema, "Masikini, mfupa umemkwama kooni," akatia mkono kinywani autoe. Msifanye hivyo hata kidogo. Vivyo hivyo kwa ng'ombe atokwaye na mate na kulia kwa sauti ya kukwaruza, maana ng'ombe naye huumwa na mbwa malishoni, na mfugaji hutia mkono akidhani amekwamwa na kiazi. Angalieni pia mbwa aliyebadili tabia zake: aliyekuwa mkali amekuwa mpole kupita kiasi, aliyekuwa mpole amekuwa mkali, atafuna mawe na vijiti, na sauti ya kubweka kwake imegeuka.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jambo la kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15 kamili, na muda huo ni mrefu kuliko mtu adhaniavyo, basi tazameni saa. Kisha litiwe dawa ya kuua vijidudu, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala majani. Wala msingoje kwanza kuona kama mbwa atakufa. Huko hospitali atapata sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kama jeraha limetoboa ngozi aweza kuhitaji pia dawa nyingine ya kinga itiwayo katika jeraha lenyewe. Wazee wengi wakumbuka sindano za tumboni, nyingi na zenye maumivu makali, na kwa hofu hiyo huwazuia watoto. Sindano za siku hizi hutiwa begani na ni chache. Lakini sharti zimalizike zote. Mtu akipata mbili akaona jeraha limepona, akaamua kuokoa nauli ya safari ya tatu, amejiweka hatarini. Zahanati nyingi ndogo hazina dawa hiyo, kwa hiyo ulizeni mapema ni hospitali ipi iliyo nayo, na pigeni simu kabla ya kupanda gari.

Sindano hizo za mtu zina bei kubwa kuliko chanjo ya mbwa, na ile ya mbwa siku za kampeni ya kaunti mara nyingi hutolewa bure. Karani ajuaye hesabu hahitaji kuelezwa zaidi.

Na yule mbwa aliyeuma? Kama yu hai na aweza kuzuiwa bila hatari, afungiwe mahali pasipo na watu wala wanyama, na bwana mifugo apewe habari, ili atazamwe kwa siku 10. Akiwa alikuwa na kichaa siku ile alipouma, katika siku hizo ataonyesha dalili au atafa. Mgonjwa asingojee siku hizo bila sindano. Kama mbwa amekufa au ameuawa, msimzike wala kumchoma upesi, wala msimpige kichwani, kwa sababu ubongo ndio upimwao katika maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete. Kazi ya kukata na kupeleka ni ya bwana mifugo, si ya vijana wa kijijini wenye panga na mikono mitupu.

Zamani palikuwa na desturi, na mahali pengine bado ipo, ya kutupa nyama yenye sumu usiku ili kupunguza mbwa. Kwa maoni yetu desturi hiyo ni mbaya mara mbili. Kwanza ni ukatili. Pili haileti faida iliyokusudiwa, kwa kuwa sumu haichagui, humuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na baada ya miezi michache nafasi zao huchukuliwa na mbwa wengine ambao hawana kinga yoyote. Fedha ya sumu ingenunua chanjo. Serikali ya Kenya ilichagua njia hiyo ya chanjo mwaka 2014 ilipotoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kazi ikaanzia katika kaunti 5: Machakos, Makueni, Kisumu, Siaya na Homa Bay. Mpango kama huo hauwezi kufaulu kwa nguvu za mabwana mifugo peke yao. Hao hukaa chini ya mti sokoni na sanduku lao la barafu, na wenye mbwa wasipokuja na mbwa wao, jioni hurudi na dawa yao.

Twaja sasa kwenye chakula. Ugali mtupu hushibisha tumbo lakini haujengi mwili. Uchanganyeni na dagaa, au matumbo yaliyochemshwa, au damu iliyopikwa, au maziwa yaliyobaki, na maji safi yawepo siku zote katika chombo kisichopinduka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa matumbo, basi isitupwe kwa mbwa.

Jambo la hatari zaidi ni mahindi yaliyoota kuvu. Mama wa nyumba akiyaona hayafai kwa watoto, husema, "Haya ni ya mbwa." Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya nchi, zaidi Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu hiyo na 125 wakafa. Sumu iharibuyo ini la mtu huharibu la mbwa pia, wala kupika hakuiondoi. Mahindi hayo yasiliwe na kiumbe chochote.

Halafu kuna habari ya machinjioni. Mara nyingi tunapochinja mbuzi tunakuta katika ini au mapafu uvimbe kama kibofu kilichojaa maji, tunaukata na kumtupia mbwa. Uvimbe huo ni mtoto wa tegu. Katika tumbo la mbwa hukua na kuwa tegu wadogo wengi, na mayai yao hutoka katika mavi, yakashika manyoya, yakaingia katika maji na katika mikono ya watoto. Mtu akiyameza, uvimbe ule ule huota katika ini lake au mapafu yake, ukakua polepole kwa miaka mingi mpaka tumbo likafura, na huenda akahitaji kupasuliwa. Kule Turkana, ambako mbwa hulala karibu sana na watu na kulamba vyombo, madaktari wa miaka ya 1970 na 1980 walikuta ugonjwa huu kwa wingi usio wa kawaida duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF likaanza kazi maalum ya kuupinga. Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Nyama yenye uvimbe izikwe kwenye shimo refu au ichomwe, na mbwa apewe dawa ya tegu kila baada ya miezi michache. Muulizeni muuza dawa, maana si kila dawa ya minyoo yaweza kumuua tegu. Na watoto wanawe mikono baada ya kucheza na mbwa.

Kupe humpa mbwa homa kali. Mkimwona amelegea, hali chakula, ufizi umekuwa mweupe na mkojo umekuwa kama kahawa, msikawie, homa hiyo huua kwa siku chache lakini huponyeka ikiwahiwa. Dawa ya kuogesha ng'ombe isimwagwe juu ya mbwa kwa kukadiria kwa jicho. Wengi wamewaua watoto wa mbwa hivyo. Pimeni kama mlivyoagizwa na bwana mifugo. Kibanda kiinuliwe kutoka chini, kifagiliwe, na matandiko yaanikwe juani, ndipo viroboto na funza watakapopungua.

Makarani wa mjini wanunuao mbwa wa kizungu kando ya barabara, twawapa neno moja. Mtoto huyo wa mbwa aliyeonekana mnono siku ya Jumamosi aweza kuharisha damu Jumatano na kufa Ijumaa. Ugonjwa wake waitwa parvo, ulijulikana ulimwenguni mwaka 1978, nao una chanjo yake ianzayo yapata juma la 6 hadi la 8 tangu kuzaliwa na kurudiwa mpaka juma la 16. Chanjo ya kichaa haiuzuii. Msinunue mbwa asiye na kadi.

Juu ya kumfunga, twasema hivi: mbwa afungwe mchana, au awe ndani ya ua, na afunguliwe usiku ndani ya boma. Lakini afungwe kwa ukanda mpana wa ngozi, si kwa waya, na kamba iwe ndefu ya kutosha kufika kivulini na kwenye maji. Mbwa aliyefungwa kwa kamba fupi juani tangu asubuhi hawi mlinzi hodari, huwa mwenye wazimu wa hasira, na akikatika siku moja atamuuma wa kwanza kupita. Nao watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa alapo, alalapo, au anyonyeshapo. Na wakutanapo na mbwa wasiyemjua wasikimbie, bali wasimame kimya kama nguzo, mikono kando, wasimtazame machoni, mpaka apite.

Neno juu ya majike. Wengi hawataki kufuga jike kwa sababu ya watoto wake, basi wale wadogo hutupwa msituni au katika gunia kando ya mto, na ndiyo sababu moja ya majike kuishi muda mfupi kule Machakos. Daktari wa mifugo aweza kumfunga kizazi jike, na dume kumhasi, mara moja tu katika maisha. Dume aliyehasiwa haachi kulinda. Huacha kuzurura kutafuta majike, na mbwa asiyezurura hapigani wala haumwi na wagonjwa.

Siku ya chanjo mtapewa kadi yenye tarehe. Iwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, isiliwe na panya. Tarehe 28 Septemba ni siku ya ulimwengu ya kupinga kichaa cha mbwa, na kaunti nyingi huchanja karibu na siku hiyo, lakini si zote, basi ulizeni kwa chifu au katika ofisi ya mifugo. Mbwa aletwe na mtu mzima amjuaye, akiwa na kamba imara shingoni. Asiletwe na mtoto mdogo, kwa kuwa pale sokoni mbwa wote wa lokesheni watakuwa wamekutana.